Myao Aliyevaa Koti la Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Na pokea shikamoo nyingine ya siku zote ambazo simu ilikata kabla sijakuamkia vizuri. Goti lako linaendeleaje? Nimesikia umeanza tena kwenda shamba kwa miguu. Nilimwambia huyu mwanao Osmund akueleze kwamba nimekasirika, lakini mdogo wangu namjua, hakukueleza. Mahindi yamefikia wapi? Mbolea mlipata? Huku baridi imeanza kuuma masikio, ila mwili ni mzima, sina homa wala kikohozi.

Naandika kwa mkono kwa sababu wewe ukipigiwa simu unaweka sauti ya nje, nyumba nzima inasikiliza mpaka muuza mkaa aliyepita tu. Hili nataka ulisome mwenyewe, chumbani, umevaa miwani. Na kwanza nikutoe wasiwasi: sijafukuzwa kazi. Osmund ana mdomo. Nilimwambia kazini kuna moto, yeye akakuletea habari kwamba nimefukuzwa na mabegi nimeshafunga. Moto upo kweli, na sijui kama umezimika. Lakini nianze mwanzo, maana kwenye habari hii umo wewe, yumo marehemu baba, na yumo Mzee Athumani, fundi cherehani wako wa Majengo.

Najua ukiulizwa kanisani mimi nafanya kazi gani unajibu kwamba niko kwenye kompyuta. Sawa, ni jibu la heshima. Lakini kazi yangu ni kuchora, kwenye kampuni ya vitabu vya katuni, ile ya mashujaa wanaoruka angani na kuvunja kuta kwa ngumi. Picha zao unaziona kwenye fulana za vijana wa bodaboda na kwenye mabegi ya watoto wa shule. Kitabu kimoja kinapita mikono mingi. Mmoja anaandika hadithi, mwingine anachora kwa penseli, kisha kurasa zinakuja kwangu. Mimi napita juu ya penseli kwa wino mweusi, natia vivuli, halafu mwingine anatia rangi. Mistari ni ya mwenzangu na jina kwenye jalada ni lake, ila wino ukikosewa anayeonekana ni mimi, kwa sababu wino haufutiki.

Halafu kuna swali lako moja sijawahi kulijibu. Uliniuliza mbona mashujaa wale wanavaa chupi juu ya suruali. Nilicheka kwa sababu nilikuwa sijui. Sasa najua. Waliowachora wa kwanza, zamani hizo, walikuwa wakiwatazama wanyanyua vyuma wa sarakasi, na wale walikuwa wanavaa hivyo ili suruali ikipasuka wakiinama wasiaibike mbele za watu. Miili wakaichukua kwenye sanamu za kale za mawe. Vivuli wakavichukua kwenye sinema. Hakuna shujaa aliyetoka hewani tu, kila mmoja ana chimbuko lake, na bosi wangu analipenda neno hilo kuliko mshahara. Ni mama wa makamo anaitwa Donna, mhariri wetu. Si mtu mbaya, nakuomba usije ukamchukia mapema.

Siku moja Donna akatuita, akasema kampuni inataka kitabu kipya chenye watu wapya, na kila mmoja wetu, hata sisi wa wino, alete chimbuko la kwao. Atakayechaguliwa atachora mwenyewe kwa penseli na jina lake litakaa juu ya jalada. Mama, hilo ndilo nililolisubiri tangu nifike nchi hii. Wenzangu walileta vinyago, mmoja alileta picha za wacheza mieleka wa mtaani kwao. Mimi nikaleta video ya Osmund, ile ya msiba wa baba.

Unajua sikuja. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinaongezwa muda, wakaniambia nikitoka kabla hakijatoka, hawaniahidi kurudi. Kwa hiyo baba yangu nilimzika kwenye simu, nimekaa kitandani na viatu miguuni kama mtu anayetoka. Na wewe nilikuona umekaa kwenye mkeka, umegoma kula. Shangazi Kolumba anakuja na sahani, anarudi nayo. Padri amekubembeleza, hakuna. Mpaka Mzee Athumani alipoingia.

Pale ofisini niliwaeleza kila kitu. Kwamba sisi ni Wangoni, yeye ni Myao wa Tunduru, na sisi na wao ni watani toka enzi za mababu. Kwamba mtani akifika msibani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Nikawaeleza jinsi alivyolikalia rundo la udongo pale makaburini akagoma kuondoka mpaka apewe kuku. Na jinsi mliporudi nyumbani alivyolitwaa koti la baba kwenye msumari, akalivaa juu ya kanzu, akachomeka penseli ya useremala sikioni, akaanza kuchechemea kama baba alivyochechemea tangu aanguke kwenye paa. Akaja mpaka kwenye mkeka wa kina mama, akakusimamia: "Mke wangu, mbona watu wengi hapa kwangu? Kuna harusi, na mimi mwenye nyumba sijaalikwa?"

Video niliwaonyesha nimezima sauti. Niliona vilio vyenu si vitu vya kufunguliwa ofisini, watu wanakunywa kahawa. Donna akaniuliza, sasa huyu mtani kazi yake hasa ni nini? Nami nikajibu kama ambavyo ungejibu wewe, au mtu yeyote wa Songea: anamtania marehemu. Ila kwa lugha yao neno hilo lilitoka mdomoni mwangu kama mtu anayewadhihaki wafu. Wao hawana utani wenye heshima ndani yake, au kama wanao mimi sikulijua jina lake. Donna akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akalizungushia duara, akasema hii ni dhahabu tupu. Na mimi nikafurahi, mjinga wa watu. Nikawapa na picha za Mzee Athumani, za uso kabisa, ili mchoro utoke vizuri.

Zikapita wiki. Nilikuwa nachora kurasa zangu za majaribio nyumbani, najiona nimeshafika. Halafu asubuhi moja nafika kazini nikakuta jalada la majaribio limebandikwa ukutani, kijana mmoja hodari wa penseli amelichora kwa agizo la juu. Moyo ulinilipuka. Ni Mzee Athumani, Mama. Kofia yake ileile ya kudarizi, ndevu zake, hata lile pengo la jino. Amesimama juu ya kaburi wazi, amevaa koti la maiti, anacheka meno yote nje, na kucha wamemwekea ndefu. Chini yake kuna mwanamke amejifunika uso kwa mikono. Kitenge chako, Mama. Hata ua la kitenge halijakosewa.

Hadithi waliyomwandikia ni kwamba anazunguka misiba ya dunia, anaiba nguo za marehemu, akizivaa anachukua nguvu zao, na anakula machozi ya wajane. Yaani si stelingi. Ni adui. Ndiye atakayepigwa kitabu kizima.

Nilimfuata Donna ofisini kwake bila kugonga. Nikamwambia mmekosea, huyu mzee ni mtu mwema. Akaniambia kwa upole kabisa, Gau, mjane analia, na mtu anamcheka mbele yake akiwa amevaa nguo za mumewe. Nieleze wema uko wapi. Nikaanza kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kumchafua. Nikasema koti halikuibwa, alilichukua tu. Nikasema mjane hakukasirika, ndiyo desturi. Nilijisikia nikiongea nikaona hata mimi nisingejielewa.

Kisha akanipa karatasi. Sheria yao ni kwamba sura ya mtu aliye hai haichapishwi bila sahihi yake. Mzee Athumani asaini kabla ya Ijumaa. Akisaini, penseli ni yangu, jina langu litakaa kwenye jalada, na mkataba wangu unaoisha mwezi huu utaendelea. Asiposaini, Donna akasema, hajui atawaambia nini wakubwa. Hakunitisha. Alikuwa ananiambia ukweli ulivyo, na ukweli ni kwamba kibali changu kimening'inia kwenye mkataba huo.

Nikampigia Mzee Athumani. Nilimkuta kibarazani, nasikia cherehani inakwenda. Nikamwamkia, nikamwambia kampuni kubwa ya Marekani inataka kuichapisha sura yake na inaomba sahihi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema hatimaye Wazungu wamepata macho, watume karatasi hata leo, atasaini kwa kalamu na dole gumba aongeze bure, maana mtani hamkatalii mtani wake. Mama, ningeweza kukata simu palepale. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka, na yeye mwenyewe amefurahi. Angekuja kujua lini? Vitabu vyenyewe vingefika Songea siku gani? Nilikaa na simu sikioni mpaka akauliza kama mtandao umekatika.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia wamemfanya mwizi wa marehemu. Kwanza akaona ni utani wangu, akanirudishia: "Mwizi mimi? Wezi ni nyie Wangoni, mlitoka kwa Wazulu mnaswaga ng'ombe za watu njia nzima." Nikamwambia Mzee, sitanii. Cherehani ikasimama. Akaniuliza kama wamemchora na kofia yake. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama wajukuu zake wataviona vitabu hivyo. Nikasema baadaye vitafika mpaka kwenye simu zao.

Halafu akasema maneno ambayo yamenikosesha raha kuliko angenitukana: "Mimi baba yako nilimvaa kwa mapenzi, na mama yako anajua. Sasa wewe ndiye uliyeko huko, unaona ninyi mnavyoishi. Ukiniambia saini, nasaini, na sitakulaumu." Akanitakia kheri, akakata. Yaani mzigo wote akaniachia mimi, kwa adabu.

Siku zile mbili nilikuwa kama mwehu. Naoga, nasahau nimeoga. Nikijiambia acha asaini, mwenyewe kakubali, naliona lile pengo la jino ukutani. Nikijiambia nikatae, nakukumbuka wewe na hilo goti, na Osmund ambaye chuo hajamaliza. Nilikasirika na kila mtu. Nilimkasirikia Donna, nikamkasirikia Mzee Athumani kwa wema wake, na nisamehe, nilimkasirikia hata baba kwa kufa mimi nikiwa huku.

Ijumaa nikaingia kikaoni. Alikuwepo Donna, mwanasheria wa kampuni, na yule kijana wa penseli. Donna akanyoosha mkono apokee karatasi. Nikamwambia haijasainiwa. Akauliza, mzee amekataa? Nikasema hapana, mzee amekubali, aliyekataa ni mimi. Mwanasheria akamtazama Donna, Donna akatazama meza. Nikaomba waitazame video mara moja tu, safari hii na sauti.

Sikuwa nimeisikiliza tena tangu msiba. Ikaanza. Mzee Athumani akauliza kuhusu harusi. Akalalamika kwamba redio yake imehamishwa, kwamba mtu akilala kidogo tu wanamgawana. Wewe ukajifunika uso kwa mikono, kama walivyokuchora. Na mabega yakaanza kutikisika. Wao siku ile ya kwanza, bila sauti, walidhani unalia. Kumbe chumba kizima sasa kikasikia kicheko chako, kile kinachoanza kama kwikwi halafu kinafunguka. Ukasema, "Toka hapa, Myao wee." Ukajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Ukamgeukia Shangazi Kolumba ukasema, "Nipeni ugali."

Video ikaisha. Mwanasheria ndiye aliyeuliza yule mama amesema nini mwishoni. Nikamtafsiria. Amesema apewe chakula. Alikuwa hajaonja kitu tangu mumewe afe, na tulikuwa tunaogopa tutazika wawili.

Yule kijana wa penseli aliinuka, akaenda kulibandua jalada ukutani, akalikunja. Donna akaniuliza taratibu, kwa hiyo mzee huyu ndiye stelingi? Nikamwambia si stelingi na si adui, ni mtani. Akajisugua uso kwa viganja. Akasema, "Hilo naliona sasa. Lakini kwenye vitabu vyetu sina pa kuliweka." Na nilimwamini, kwa sababu nimetia wino kwenye vitabu vile miaka yote hii, na kweli hakuna nafasi hiyo.

Basi wameamua hivi. Sura ya Mzee Athumani imeondolewa, kofia imeondolewa, kitenge chako kimeondolewa, neno mtani halitatumika. Ila mwizi anayevaa makoti ya marehemu atabaki, atakuwa mtu mwingine wa sehemu isiyojulikana, maana chochote ukikiweka kwenye meza ya kampuni ni cha kampuni. Penseli amepewa mwingine. Kuhusu mkataba wangu watanijibu mwisho wa mwezi. Donna alinishika bega nikitoka, lakini bega si mkataba. Ndiyo huo moto niliomwambia Osmund. Narudi Songea au sirudi, Mama, leo hii sijui.

Jioni ileile nikampigia Mzee Athumani nimwambie kwamba sura yake imesalimika. Nilitegemea atanishukuru, au aniambie alhamdulillah. Badala yake nilisikia cherehani ikisimama, kiti kikisogezwa. Halafu nikasikia mtu anasafisha koo mara mbili, vile baba alivyokuwa anasafisha kabla ya kugomba. Nywele zilinisimama.

"Gau," ikaniita sauti ya baba. "Wewe mtoto. Nimelala pale nakusubiri. Wote wamekuja, hata wale nisiopatana nao. Wewe uko wapi?"

Na mimi, mtu mzima, nikamjibu. Nikasema, "Baba, kibali kilikuwa hakijatoka."

"Kibali?" akafoka. "Mbona mimi nimekufa bila kibali?"

Mama, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, mkono mmoja umeshika simu na mwingine tumbo. Kisha katikati ya kicheko kikanijia kilio, kile ambacho toka msiba nilikuwa sijakilia, nilikuwa nakwenda nacho kazini na kurudi nacho. Nililia kwa sauti, sikuwajali majirani. Yule mzee hakuniambia nyamaza. Alikaa tu upande wa pili, namsikia anavyopumua.

Nilipotulia akarudi kwenye sauti yake mwenyewe. Akasema, "Pole sana, Mngoni wangu. Msiba wa baba yako nilikuwa sijaumaliza. Ulikuwa umebaki wewe."

Ndiyo hayo, Mama. Mkataba ukikatika nitakueleza mwenyewe, usingoje kusikia kwa Osmund. Huyo mwambie asome, na ile video asiifute. Shangazi Kolumba mpe mkono kwa niaba yangu, mwambie namkumbuka na ile sahani yake. Mama Mdogo wa Peramiho aniombee kwenye misa ya asubuhi, amtaje baba kwanza, mimi baadaye. Dagaa wa Nyasa mkipata mtu wa kuja huku mnifungie, hata kidogo.

Na yule Myao wa cherehani usimpe salamu zangu hata moja. Mwambie hivi tu: siku akitangulia yeye, nakuja kumzika, kibali kiwepo kisiwepo, na ile kofia nitaivaa mimi.

Mwanao,
Gaudensia